Haki ya Magugu

Jina gugu ni jina la hukumu, si jina la nasaba. Hakuna mmea uliozaliwa gugu. Mchicha ni mchicha, mgagani ni mgagani, mnavu ni mnavu; kila mmoja una umbo lake, ladha yake na majira yake. Lakini siku mwenye shamba anapoukuta mmea huo katikati ya matuta ya pamba, huupa jina jingine, akauita gugu au kwekwe, akaung'oa. Siku hiyo hiyo, hatua chache kutoka hapo, mkewe huweza kuuchuma mmea ule ule ulioota ukingoni mwa shamba, akautia kikapuni, na jioni ukaitwa mboga. Mmea haukubadilika. Kilichobadilika ni mkono ulioushika na haja iliyouongoza mkono huo.

Kwa sababu hii historia ya magugu si historia ya mimea peke yake. Ni historia ya hukumu za wanadamu: nani aliyekuwa na uwezo wa kusema kuwa jani hili lina thamani na lile halina, alisema hivyo kwa elimu gani, na ni nani aliyelipa gharama hukumu ilipokuwa ya makosa. Wahenga walinena kuwa mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Gugu limenyongwa vya kutosha katika mashamba na katika vitabu. La haki yake halijasemwa sana.

Kwanza yafaa kufahamu kuwa gugu na jembe ni ndugu wa tumbo moja. Katika msitu mzito, ambamo ardhi haijaguswa, mimea iitwayo magugu haionekani kwa wingi. Mimea hiyo hupenda ardhi iliyopasuliwa, jua lililofunguliwa na jivu lililomwagwa. Hukua upesi, huzaa mbegu nyingi, na mbegu zake huweza kulala udongoni miaka mingi zikingojea udongo ugeuzwe. Mtu alipoanza kulima, alifungua mlango kwa nafaka yake, na wageni wengine wakaingia kwa mlango ule ule. Tangu hapo wameishi pamoja naye, wakifuata mashamba yake, majaa yake, mazizi yake na njia zake. Hapana mimea iliyo karibu na mwanadamu kuliko hii, ila ile anayoipanda kwa mkono wake.

Na hata mpaka kati ya mmea unaopandwa na mmea unaong'olewa si mpaka imara. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Vavilov, alisafiri Uajemi na milima ya Pamir mwaka 1916, akayachunguza mashamba ya ngano. Aliona kwamba nafaka ya Ulaya, ile inayoitwa rai, ilikuwa ikiota katika ngano kama gugu, bila kupandwa na mtu. Katika mabonde ya chini ilikuwa chache na wakulima waliichukia. Lakini kadiri alivyopanda mlimani, penye baridi kali na udongo maskini, ngano ilidhoofika na rai ikazidi, mpaka akafika mahali ambapo wakulima walikuwa wakipanda rai peke yake. Vavilov alihitimisha kuwa nafaka hiyo, ambayo imewalisha watu wa Urusi, Poland na Ujerumani kwa karne nyingi, ilianza kama gugu katika shamba la ngano. Oti nayo aliiona kuwa na asili ya namna hiyo hiyo. Mkulima hakuichagua, ilijipenyeza, ikastahimili, na siku mwenziwe aliposhindwa na baridi, ikaonekana kuwa yeye ndiye chakula.

Mwisho wa mtaalamu huyo una huzuni isiyoweza kupitwa kimya. Alikamatwa na serikali ya nchi yake mwaka 1940, akafa gerezani Saratov mwezi wa Januari 1943, mwili wake umedhoofishwa na njaa. Wakati huo mji wa Leningrad, ulikokuwa chuo chake, ulikuwa umezingirwa na majeshi ya Ujerumani tangu 1941. Baadhi ya wafanyakazi wa chuo walikufa kwa njaa huku wakizilinda mbegu zilizokusanywa kutoka pande zote za dunia. Katika masika ya 1942 watu wa mji huo walitoka kuchuma viwavi, majani machungu ya uwanjani na magugu mengine ya kando ya njia, wakayapika supu, na wataalamu wa mimea wakawafundisha lipi laliwa na lipi lina sumu. Elimu ya magugu ambayo jana ilikuwa ya wanawake wa shamba peke yao, ikawa elimu ya kuokoa mji.

Ushahidi wa kale zaidi ulipatikana mwaka 1950 huko Denmark, wachimbaji wa mboji walipokuta maiti ya mtu aliyezikwa kinamasini yapata miaka 2,400 iliyopita. Kinamasi kiliuhifadhi mwili hata uso ukawa kama wa mtu aliyelala. Tumbo lake lilipochunguzwa lilikutwa na uji wa shayiri na kitani, nao umechanganyika na mbegu za magugu ya namna mbalimbali. Watafiti wamebishana kama mbegu hizo ziliokotwa makusudi au zilikuwa masalio ya kupepeta nafaka yaliyotiwa chunguni. Kwa vyovyote vile jambo moja ni dhahiri: mlo wa mwisho wa mtu yule haukutenga shamba na gugu kwa ukali ambao watu wa leo wanautenga.

Mfano wa tatu unatoka Mexico, nao unagusa chungu cha kila nyumba ya Afrika ya Mashariki, maana unahusu ukoo wa mchicha. Kabla ya Wahispania kuuteka mji wa Tenochtitlan mwaka 1521, Waazteki walithamini sana mbegu za mchicha. Zililetwa mji mkuu kuwa ushuru, pamoja na mahindi na maharagwe, kutoka katika majimbo yaliyotawaliwa. Unga wake ulisongwa kwa asali au damu, ukafinyangwa kuwa sanamu za miungu, na sanamu hizo zikagawanywa na kuliwa katika sikukuu. Mapadri wa Kihispania walipoona ibada hiyo walichukizwa, na chuki ya ibada ikaufuata mmea. Kilimo chake kilififia kwa karne kadhaa, kikabaki kwa wanakijiji wachache, na nafaka iliyokuwa ya wafalme ikarudi kuwa jani la porini. Hapa gugu halikuhukumiwa na mkulima wala na mpishi. Lilihukumiwa na mtawala, kwa kosa ambalo halikulitenda.

Aina nyingi za mchicha zinazoliwa Afrika ya Mashariki leo asili yake ni bara la Amerika. Zilivuka bahari katika vyombo vya biashara, nyingine bila kukusudiwa, zikaota majaani na mashambani, nazo zikapokewa. Lakini zilikuta jamaa. Palikuwa na michicha mingine ya Ulimwengu wa Kale, tena palikuwa na mgagani wenye majani ya vidole vitano, palikuwa na mnavu wenye vitunda vidogo vyeusi, palikuwa na mlenda wenye utelezi, na pwani palikuwa na mchunga ambao uchungu wake hupunguzwa kwa tui la nazi. Yote hii ilijiotea. Ilifuata palizi, mvua na zizi. Hakuna aliyeiwekea ghala la mbegu, kwa kuwa udongo wenyewe ulikuwa ghala.

Mwangalizi wa haraka angesema kuwa watu walikula majani haya kwa umaskini tu. Mwangalizi wa makini ataona kuwa kulikuwa na elimu kubwa nyuma yake. Mwanamke aliyepalilia hakung'oa tu, alichambua. Mkono wake ulijua lipi litupwe, lipi liachwe likue mpaka wiki ijayo, lipi lichumwe ncha na kuachwa lichipue tena. Alijua kuwa mnavu wa namna fulani huliwa majani na vitunda vyake vibichi huepukwa. Alijua kuwa mgagani mchungu ukipikwa na kulazwa katika maziwa hulainika, kama wafanyavyo Wakalenjin, na kwamba ni chakula kimfaacho mama aliyejifungua, kama wasemavyo Wakisii. Alijua kuwa mlenda ukianikwa juani na kutwangwa huwekwa mpaka kiangazi, wakati ambapo hakuna jani bichi lililobaki. Elimu hii haikuandikwa. Ilikaa katika vidole, na ilipita kutoka kwa bibi kwenda kwa mjukuu wakati wa kupalilia, kwa maneno machache na kwa kuonyeshana.

Thamani ya elimu hiyo ilipimwa kwa kipimo kikali katika nchi ya Ugogo, kati ya miaka ya 1917 na 1920. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imepita katika nchi hiyo. Majeshi ya Wajerumani kwanza, kisha ya Waingereza, yalichukua nafaka na ng'ombe, yakachukua na wanaume kuwa wapagazi. Mashamba yalikosa mikono, na baadaye mvua nayo ikakosekana. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya, na jina hilo halijasahauliwa. Katika wilaya ya Dodoma, iliyokuwa na watu wapatao 150,000, inakadiriwa kuwa watu 30,000 walikufa. Walionusurika walinusurika kwa njia nyingi: kuhama, kuuza walichobakiza, kutegemea jamaa, kuchimba mizizi na kuchuma majani ya porini na ya mashamba yaliyoachwa. Majani hayo hayakutosha kuizuia njaa, wala isidaiwe kuwa yalitosha. Lakini palipokosekana mtama na uwele, palipokosekana maziwa kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamechukuliwa, tofauti kati ya nyumba iliyojua majani na nyumba isiyoyajua ilikuwa kubwa.

Miaka isiyofika thelathini baada ya Mtunya, nchi hiyo hiyo iliona jambo jingine. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa karanga, na kitovu chake cha kwanza kilikuwa Kongwa, upande wa mashariki wa Ugogo. Matrekta yaliletwa, na vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa mashine za kung'oa miti. Nia ilikuwa kufyeka pori lote na kuacha ardhi tupu iliyo tayari kwa mmea mmoja. Ardhi ya Kongwa ilikuwa na udongo unaokauka ukawa mgumu kama saruji, na mvua yake haiaminiki. Wenyeji walilijua jambo hilo. Njaa zao ziliwafundisha. Mwaka 1951 mpango ulifutwa, baada ya kumeza takriban pauni milioni 36. Mlenda haukuomba hata senti moja katika fedha hizo, nao ulikuwapo kabla ya matrekta na ulibaki baada yake. Haifai kutoa hapa fundisho jepesi kuwa ya kale ni mema na mapya ni mabaya. Karanga ni zao zuri, na Wagogo wenyewe wanalilima. Fundisho ni kwamba aliyepanga hakuuliza nini kinaota pale kwa hiari yake, na jibu la swali hilo lingemweleza mengi juu ya udongo na mvua.

Si wageni wote waliopuuza kuuliza. Padri Charles Sacleux, Mfaransa aliyeishi Unguja na Bagamoyo katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, alikuwa mpenda lugha na mpenda mimea kwa pamoja. Kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa, iliyoanza kutolewa Paris mwaka 1939, imejaa majina ya majani, pamoja na lahaja yanakosemwa. Huko Amani katika milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na Waingereza wakakirithi, mtaalamu P. J. Greenway alikusanya majina ya Kiswahili ya mimea na kuyalinganisha na majina ya kitaalamu, akachapisha kamusi maalumu. Katika vitabu vya namna hii majani yasiyokuwa na bei sokoni yamepewa nafasi sawa na karafuu na mkonge. Mwanafunzi wa lugha akiyasoma majina hayo huona kuwa kila jina ni ushahidi mdogo wa historia. Mwingajini umeitwa hivyo kwa sababu watu waliutumia kuwinga, yaani kufukuza, jini. Mziwaziwa umepewa jina kwa utomvu wake mweupe. Kishona nguo kimeitwa hivyo na mtu aliyerudi kutoka shambani na mbegu zimemng'ang'ania katika upindo wa shuka. Watu hawakipi jina kitu wasichokiangalia. Na wingi wa majina haya waonyesha kuwa magugu yaliangaliwa sana.

Hata hivyo, katika karne ya 20 heshima ya majani haya ilishuka. Shule, misheni na bustani za maofisa zilileta kabichi, spinachi na karoti, na mboga hizo zikaja na hadhi ya watu waliozileta. Bwana shamba alisifu shamba lililopaliliwa likawa jeupe, na mkulima aliyeacha mgagani kati ya mahindi alionekana mvivu. Mtoto aliyetumwa shule na kurudi amejifunza orodha ya mboga bora hakukuta mnavu katika orodha hiyo. Pole pole kula majani ya kujiotea kukawa dalili ya unyonge, jambo la kufichwa mgeni anapokuja. Hapana sheria iliyoyapiga marufuku, kama chuki ya Mexico. Aibu ilitosha kufanya kazi ya sheria.

Lakini chungu kilikuwa na ukaidi wake. Mwaka 1979 mtafiti Anne Fleuret alichapisha uchunguzi wake juu ya chakula cha Wasambaa wa Lushoto. Lushoto ni nchi ya mboga za Kizungu. Kabichi na nyanya zake huuzwa Tanga na Dar es Salaam. Ingetazamiwa kuwa wakulima hao wangekula wanachokilima. Uchunguzi ulionyesha kuwa majani ya kujiotea, yaliyochumwa mashambani na kwenye ardhi iliyopumzishwa, yalikuwa bado nguzo ya kitoweo chao. Mboga ya bustani ilikwenda sokoni, na mboga ya gugu ilibaki nyumbani. Kwa maneno mengine, kile kilichoitwa cha thamani kiliwalisha watu wa mjini, na kile kilichoitwa kisicho na thamani kiliwalisha waliolima.

Katika miaka iliyofuata, sayansi ilianza kuyarudia majani hayo kwa heshima. Vipimo vya maabara vilionyesha kuwa mchicha, mgagani na mnavu vinaipita kabichi kwa mbali katika madini ya chuma na chokaa na katika vitamini A, ambayo uhaba wake hudhuru macho na afya ya watoto. Huko Kenya, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta alijitolea miaka mingi kuzichunguza mboga hizi, mbegu zake na upishi wake. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto ambaye mwili wake haukupatana na nyama, maziwa wala mayai, akakuzwa kwa majani hayo. Tena alipofika masomoni alizikuta zimo katika hesabu ya magugu. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi kwa kazi hiyo. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake walikuwa wamekwisha kuchapisha kitabu kikubwa juu ya mimea ya chakula cha asili ya Kenya. Arusha nako kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa miaka ya 1990 kimechagua na kuboresha mbegu za mnavu na mchicha, na wakulima sasa wanazinunua. Mnavu na mgagani vinauzwa Nairobi katika maduka makubwa. Jani lililofichwa mgeni asilione limekuwa jani la kumwandalia mgeni.

Habari ya dawa inafanana na habari ya chakula, ila hatari zake ni kubwa zaidi. Kuna ua la waridi lenye asili ya Madagaska, ambalo wataalamu huliita Catharanthus roseus. Limeenea katika nchi za joto, na mara nyingi huota lenyewe kando ya nyumba na makaburini. Huko Jamaika watu walinywa maji ya majani yake kwa ugonjwa wa kisukari. Mwaka 1952 majani machache yalipelekwa Kanada, na Robert Noble pamoja na Charles Beer wakayachunguza. Hawakupata dawa ya kisukari. Waliona kuwa chembe nyeupe za damu za panya zinapungua, na kwa kufuata dalili hiyo, mwaka 1958, walitangaza kitu kilichokuja kuitwa vinblastini. Ndugu yake, vinkristini, ikawa moja ya dawa zilizobadili hatima ya watoto wenye saratani ya damu, ugonjwa ambao kabla ya hapo ulikuwa karibu sawa na hukumu ya kifo. Yafaa kukumbuka kuwa bila ya watu wa Jamaika waliokwisha kuliamini jani hilo, hata kama waliliamini kwa sababu nyingine, bahasha ya majani isingefika Kanada.

Mfano wa pili ni pakanga ya China, inayoota ovyo kando ya njia. Mwaka 1967, wakati wa vita vya Vietnam, serikali ya China ilianzisha utafiti wa siri wa dawa ya malaria. Bibi Tu Youyou na wenziwe walipekua vitabu vya kale, wakakuta katika kitabu cha Ge Hong, cha karne ya 4, agizo la kuroweka pakanga katika maji na kukamua, bila kuchemsha. Neno hilo dogo lilimfungua macho: huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Alitumia njia isiyo ya joto kali, na mwaka 1971 akafaulu. Artemisinini iliyotoka humo ndiyo msingi wa dawa mseto ya malaria, ambayo Zanzibar iliianza mwaka 2003 na Tanzania Bara na Kenya zikafuata. Bibi Tu alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Idadi ya watu wa Afrika walio hai leo kwa sababu ya gugu hilo la China, na ya mwandishi mmoja aliyekumbuka kuandika jinsi ya kulikamua, si ndogo.

Baada ya sifa hizi, uadilifu wataka upande wa pili usemwe. Yako magugu yanayostahili uadui. Kiduha hujifunga katika mizizi ya mtama na mahindi, kikanyonya maisha yake chini ya ardhi kabla mkulima hajaona ua lake. Mche mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, nazo huweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi. Ndago hukatwa leo na kesho imechipua. Magugu maji, yaliyotoka Amerika ya Kusini, yalionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakafunga bandari na kuzuia mitumbwi ya wavuvi. Na vikapu ambavyo mafundi wa Kisumu wamejifunza kuvisuka kwa mabua yake haviwezi kulipa hasara hiyo. Mnanaha huua. Hata mwingajini, ambao mbegu zake zilizokaangwa zimetumiwa badala ya kahawa katika nchi nyingi, una sumu mbegu zikiwa mbichi, na mifugo imekufa kwa kuzila. Anayesema kuwa kila jani la porini ni dawa ni mtu wa hatari sawa na anayesema kuwa hakuna lililo dawa.

Lakini hoja hii, ikiangaliwa vyema, haivunji haki ya magugu; inaithibitisha. Kwa kuwa mengine hulisha na mengine huua, ni lazima kuyajua moja moja. Jina moja la jumla halitoshi, na dawa moja ya kuua yote haitoshi. Huko Marekani mchicha wa jamii ya porini ulinyunyiziwa dawa ile ile mwaka baada ya mwaka katika mashamba ya pamba, na mwaka 2005 katika jimbo la Georgia ilithibitishwa kuwa ulikwisha kuizoea. Mmea wa ukoo ule ule uliokuwa chakula cha Waazteki na kitoweo cha Afrika umekuwa adui asiyeuawa, kwa sababu aliyepambana naye alitumia silaha moja tu. Na dawa hiyo inapopita katika shamba la mahindi la Afrika ya Mashariki, haitofautishi kiduha na mgagani. Kazi ya palizi hupungua, jambo ambalo mwanamke mwenye mgongo unaouma hawezi kulaumiwa kwa kulitaka. Lakini kitoweo cha jioni nacho huondoka, na sharti sasa kinunuliwe.

Hasara kubwa zaidi haionekani katika mavuno. Palizi ilikuwa darasa. Mtoto aliyefuata nyuma ya bibi yake kwa mwaka mmoja alijua majani zaidi ya yale anayofundishwa shuleni kwa miaka saba. Darasa hilo likifungwa, majina yatabaki katika kamusi za Sacleux na Greenway, lakini jina lililo katika kamusi peke yake ni kama ufunguo uliopotelewa na mlango. Itakapokuja njaa nyingine, na historia ya nchi kavu haitoi ahadi kuwa haitakuja, majani yatakuwapo kwa kuwa magugu hayakosi kuota. Atakayekosekana ni mtu wa kuyatambua.

Kwa hiyo kazi ya wasomi katika jambo hili ni kubwa, nayo haihitaji fedha nyingi. Ni kwenda na daftari kwa wazee wangali hai, katika kila lahaja na kila wilaya. Kuandika jina, umbo, majira, upishi, hatari na tiba. Kupeleka jani lenyewe kwa mtaalamu wa mimea ili jina lisije likatenganishwa na mmea wake. Na kuwarudishia wanakijiji maandishi hayo katika lugha wanayoisoma. Usiache mbachao kwa msala upitao: kabichi ni mgeni mwema na akaribishwe, lakini mwenye nyumba asitolewe nje. Magugu hayaombi kusifiwa wala kupandwa katika vyungu vya maua. Haki yake ni ndogo nayo ni ya msingi: kila moja liulizwe jina lake kabla halijang'olewa.